Joho la kuogea kwenye filamu: linamwambia nini mtazamaji, na lishonwe vipi likubalike?

Mwandishi_Tanga

Wakuu, heshima kwenu.

Nina muswada wa filamu fupi ya dakika 18. Mhusika mkuu ni mzee aliyestaafu kazi ya ofisini, anaishi peke yake Tanga mjini. Tangu astaafu hajavaa tena suruali na shati la kuchomekea. Kutwa yumo ndani ya joho la kuogea, lile la kitambaa cha taulo linalofungwa mkanda kiunoni. Joho limo kwenye sini 11 kati ya 14, kwa hiyo filamu nzima imeliegemea.

Waliosoma muswada wananipa majibu yanayogongana. Mmoja anasema joho ni uvivu. Mwingine anasema ni pesa. Mimi nilikusudia upweke. Naomba wenye ujuzi mnisaidie: wengine wamelitumiaje vazi hili kwenye vitabu na filamu hadi likaeleweka? Na kwa upande wa kazi yenyewe, nichague kitambaa gani, rangi gani, lishonwe vipi, na ni nini huharibika mara nyingi?

---

Ukurasa_wa_Pili

Ndugu, waliosoma muswada wako wamesoma sawa, na wewe pia uko sawa. Hili ni vazi la katikati. Aliyelivaa ametoka majini lakini hajafika kwenye nguo, au ameamka lakini hajatoka. Kinachoamua maana ni pale alipokwama.

Mfano ulioshiba kuliko yote uko Urusi. Ivan Goncharov alitoa riwaya ya *Oblomov* mwaka 1859. Shujaa wake ni bwana mwenye shamba aliyepanga nyumba Saint Petersburg, na sehemu nzima ya kwanza ya kitabu inakwisha hajavuka mlango. Joho lake, khalati, limeelezwa kwa makini: kitambaa cha Kiajemi, halina vishada, halina mahameli, halina kiuno, na ni pana kiasi cha kujizungushia mara mbili. Tazama hapo kwenye kiuno. Nguo isiyo na kiuno haimdai mwili chochote, wala haimwambii mvaaji kwamba amenenepa au amekonda, na mwaka unapita bila yeye kujua.

Ufundi wa Goncharov uko kwenye jinsi joho linavyoondoka na kurudi. Oblomov anapompenda msichana aitwaye Olga, joho linapotea machoni petu. Baadaye anahamia upande wa Vyborg, mtaa wa pembeni wa mji huohuo, kwa mjane aitwaye Agafya Matveyevna, na siku moja huyo mama anamwambia amelitoa kabatini, kitambaa bado kizuri, linaweza kufuliwa na kushonwa. Oblomov anamjibu asijisumbue, yeye halivai tena. Kisha unakuja usiku wa kuachana na Olga. Anarudi nyumbani hajitambui, mtumishi wake Zakhar anamvua buti na kumtupia kitu mabegani. Anauliza tu hiki ni nini. Anaambiwa mwenye nyumba amelileta leo, limefuliwa na kushonwa. Hakuna anayelia wala kuhutubia, na msomaji anajua kila kitu kimekwisha. Kwako wewe nasema: usilionyeshe joho kwenye sini 11 mfululizo. Liondoe, kisha lirudishwe na mkono wa mtu mwingine.

Neno khalati lenyewe asili yake ni Kiarabu, *khil'a*, yaani vazi la heshima ambalo mtawala alimvisha mtu aliyemtukuza. Sisi neno letu joho limebaki upande huo wa heshima: majoho ya mahafali, joho la harusi. Tarehe 18 Desemba 2022 pale Lusail, Amiri wa Qatar alimvisha Messi bushuti jeusi kabla ya kuinua kombe, na hiyo ni *khil'a* mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo ukimwita mzee wako "mwenye joho", mtazamaji wa Kiswahili anasikia hadhi kwanza, na uvivu unakuja baadaye sana. Hilo ni la kwako kulitumia, Mrusi hakuwa nalo.

Kuhusu pesa, soma insha fupi ya mwanafalsafa wa Kifaransa Denis Diderot ya mwaka 1769, anayolilia joho lake kuukuu. Lile la zamani lilimtumikia: kitabu kikiwa na vumbi, pindo lilifuta, wino ukigoma kutoka kwenye kalamu, ubavu wa joho uliusafisha, na michirizi mirefu myeusi ilionyesha kwamba huyu ni mwandishi. Joho jipya jekundu lilipoingia nyumbani, kila kitu kando yake kilionekana duni. Kiti cha majani kikabadilishwa kwa cha ngozi, rafu ya ubao ikabadilishwa kwa kabati la nakshi, na yeye akajiona mtumwa wa nguo. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliipa tabia hiyo ya ununuzi jina la Diderot.

Na usidhani joho ni la walalaji tu. Balzac, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, aliandika usiku kucha akiwa ndani ya joho pana kama la mtawa. Mchongaji Auguste Rodin alipopewa kazi ya kumchonga sanamu mwaka 1891, alihangaika miaka, mwishowe akachukua joho halisi, akalilowesha kwenye plasta na kuliacha likauke na mikunjo yake. Sanamu ilipoonyeshwa Paris mwaka 1898 walioiagiza waliikataa. Leo watu husimama mbele yake dakika nyingi, na karibu yote ni joho. Mwili hauonekani, ila unaona mtu anayefanya kazi.

---

Kizingiti

Naongeza la filamu kwa ufupi. Mahali ndipo penye maana. Mtu mwenye joho bafuni hana habari yoyote. Mtu huyohuyo akiwa dukani ni habari.

*The Big Lebowski* ya ndugu Coen (1998) inamtambulisha mhusika wake hivyo: yuko supamaketi usiku amevaa joho na kaptula, anafungua pakiti ya maziwa na kunusa, kisha anaandika hundi ya senti 69. Hakuna maelezo mengine yaliyohitajika. Kwenye *The Sopranos*, tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 1999, bosi wa genge anashuka njia ya gari akiwa na joho jeupe kwenda kuokota gazeti. Nyumba kubwa, njia ndefu, mtu mzito, vazi la chumbani. Mtazamaji anapata utajiri na uchovu kwa mara moja.

Kwa hiyo hesabu vizingiti kwenye muswada wako. Mlango wa chumba, baraza, geti, barabara, duka. Kila anachokivuka akiwa na joho, maana inapanda ngazi. Ukimtoa hadi dukani kwenye sini ya tatu, utabaki huna pa kumpeleka.

---

Leso_na_Mji

Kaka Mwandishi, shikamoo kwa mzee wako wa muswada, lakini nina swali la msingi. Kwa nini joho? Mzee wa Tanga aliyestaafu akishinda nyumbani anavaa kikoi au msuli, na juu singlendi, basi. Hilo ndilo vazi letu la katikati. Anatoka nalo bafuni, anakaa nalo barazani, anasalimiana nalo na majirani, na hakuna anayeshangaa. Ukimvisha joho la taulo, mtazamaji wa Pwani hataona upweke. Ataona hoteli.

Na sababu ipo. Watu wengi hapa walikutana na joho hilo nyuma ya mlango wa bafu la hoteli, jeupe, na jina la hoteli limetariziwa kifuani upande wa kushoto. Kwa hiyo swali la kwanza kichwani mwa mtazamaji ni "kalitoa wapi?" Filamu yako lazima ijibu hilo mapema, tena kwa vitendo. Na kama unanunua lililotumika, fumua hiyo tarizi uzi kwa uzi kwa kisu cha kufumulia mishono, ukianzia upande wa ndani, kisha lifue. Hata hivyo alama itabaki kwa sababu kitambaa chini yake hakikupauka sawa na pembeni. Funika kwa mfuko wa kifua kuliko kuiacha.

Kwa wanawake kazi hiyo inafanywa na leso, au kanga kwa jina jingine. Nieleze kidogo kwa sababu naona filamu nyingi zinakosea. Leso huuzwa kwa jozi, doti moja ni vipande viwili, kila kimoja kama mita moja na nusu kwa mita moja. Ina pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina, yaani yale maneno, juu ya pindo la chini. Ya kuogea hufungwa chini ya makwapa, ncha ya juu inachomekwa ndani upande wa kifua. Pamba nyepesi, inakauka upesi. Mwanamke akitokea mlangoni na leso moja tu, yuko faraghani au kuna dharura. Akijitupia ya pili mabegani au kichwani, tayari ameingia kwenye heshima, anaweza kupokea mgeni. Tofauti nzima ya ndani na nje iko kwenye kipande cha pili. Na jina linasomeka! Ukimvisha mwigizaji leso bila kusoma maneno yake, umeingiza sauti usiyoijua kwenye sini yako. Nimeona sini ya msiba iliyochezwa na leso ya mafumbo ya mke mwenza, na ukumbi mzima uliacha kutazama uso wa mwigizaji ukawa unasoma pindo.

Kama joho unalitaka kweli, basi liwe *dhidi* ya kikoi. Mtu aliyeacha kikoi chake akavaa joho, hapo pana kisa.

---

Mwandishi_Tanga

Dada Leso, umenifungua macho. Na Ukurasa, ahsante sana kwa lile la kuondoka na kurudi.

Nimebadilisha hivi: joho ameletewa na binti yake anayeishi Muscat. Sini ya kwanza mzee yuko na kikoi, sanduku linafunguliwa, joho limo kwenye mfuko wa plastiki. Halivai. Analivaa mara ya kwanza siku binti anapopiga simu kusema mwaka huu haji. Sini zimeshuka kutoka 11 hadi 6.

Sasa naomba mafundi. Nilitaka liwe jeupe. Na lazima lionekane jipya, kisha la miezi, kisha la miaka.

---

Fundi_wa_Pazia

Mkuu, kwanza usipange joho moja. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi; asubuhi mnapiga sini ya mwisho, jioni ya kwanza. Unahitaji majoho matatu yanayofanana: jipya, la miezi, la miaka. Nunua kitambaa cha yote matatu siku moja kutoka roli moja, kwa sababu rangi ya roli hadi roli hupishana kidogo na kamera inaiona.

Kitambaa: taulo la pamba, uzito wa gramu 380 hadi 400 kwa mita ya mraba. Chini ya 300 linakaa kama shuka na halianguki kwa uzito wake. Zaidi ya 500 mwigizaji atatokwa jasho Tanga hadi vipodozi viyeyuke. Kwa mwanamume wa urefu wa sentimita 170 hivi, joho la kufika katikati ya muundi, kitambaa cha upana wa sentimita 150, weka mita 3.5. Kwa matatu nunua mita 12 ili ubaki na akiba ya mikanda.

Fua kitambaa kabla ya kukata, maji ya uvuguvugu, anika, kisha kata. Taulo la pamba hurudi asilimia 5 hadi 8 kwa urefu, yaani kwenye mita 4 unapoteza sentimita 20 hadi 30. Wanaoruka hatua hii hupata joho zuri siku ya kwanza, na baada ya kufuliwa mara mbili mikono imeishia juu ya kifundo cha mkono. Usitie dawa ya kulainisha nguo. Inafunika vile vitanzi vya uzi, maji yanateleza juu yake, na kama una sini ya mtu kutoka kuoga utaona matone yamekaa juu ya kitambaa kama juu ya jani la mgomba.

Ukataji ni rahisi: mgongo kipande kimoja, mbele vipande viwili, mikono miwili iliyonyooka, kola ndefu ya kukunjwa inayoshuka hadi kiunoni, mifuko miwili, mkanda. Mshono acha sentimita 1.5. Piga overloki mara tu baada ya kukata, usisubiri, kwa sababu kingo za taulo hupukutika na meza nzima inajaa nyuzi. Sindano namba 100, hatua ya mshono milimita 3.5, na punguza mkandamizo wa mguu wa cherehani. Mguu ukinasa vitanzi, weka karatasi nyembamba juu ya kitambaa, shona, kisha ichane.

Sehemu inayokosewa zaidi ni lupu, vile vitanzi vya kupitishia mkanda kwenye mishono ya ubavu. Zipimie mwilini mwa mwigizaji mwenyewe, kwenye kiuno halisi. Zikishuka sentimita 5 tu, kifua kinafunguka kila akiinama na mwigizaji atatumia mkono mmoja kujishika sini nzima. Mkanda: kiuno chake jumlisha sentimita 90. Kwa kiuno cha 95 ni kama sentimita 185, upana sentimita 5 ukishakamilika. Mfupi kuliko hapo hauachi ncha za kuning'inia, na ncha ndizo zinazoonyesha mtu hajali.

Kuchakaza joho ndiko kunakohitaji subira. Joho halichakai sawasawa mwili mzima. Linachakaa kwenye ncha za mikono, mdomo wa mfuko wa mkono anaoutumia, nyuma ya kola kwa mafuta ya shingo, makalio, na mstari pale mkanda unaposugua. Kwinginepo hubaki zima. Tumia msasa mkavu kwenye ncha za mikono na viwiko hadi vitanzi vikatike na kitambaa cha chini kionekane. Mfuko: lowesha, tia jiwe la gramu 300 au 400, ning'iniza usiku mmoja, asubuhi umelegea wenyewe. Kola: paka mafuta mazito kidogo sana kwa kidole, juu yake vumbi la udongo uliochekechwa, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Kwa rangi ya miaka, chemsha gramu 100 za majani ya chai kwenye lita 10 za maji dakika 15, chuja vizuri, zamisha joho lililolowa tayari, geuza muda wote, toa baada ya dakika 20. Ukilizamisha kavu litatoka na mabaka. Na kumbuka likikauka rangi inapauka, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha mkanda wa akiba.

Kama bajeti ni ndogo, nenda mitumbani, Karume kwa Dar au Gikomba kwa Nairobi. Majoho yapo. Angalia lebo isome pamba, siyo poliesta yenye manyoya laini, hiyo inang'aa vibaya chini ya taa. Mara nyingi mkanda huwa umepotea. Usihangaike kutafuta unaofanana. Mzee aliyefunga joho zuri la kutoka Muscat kwa kipande cha kikoi chake cha zamani, hiyo ni sini nzima umepewa bure.

---

Taa_na_Sauti

Kuhusu jeupe: usitumie jeupe kama karatasi. Mwigizaji wa ngozi nyeusi ndani ya joho jeupe sana ni mtihani kwa kamera. Ukipima mwanga kwa uso, joho linaungua, linakuwa doa tupu lisilo na mkunjo hata mmoja, na kazi yote ya fundi imepotea. Ukipima kwa joho, uso unazama gizani na macho hayaonekani. Watu wa mavazi wengi hulitia joho jeupe kwenye chai nyepesi hata lile linalotakiwa kuwa jipya. Kwa vipimo vya Fundi, majani gramu 20 badala ya 100, na dakika 5 tu. Kwa jicho bado ni jeupe, kwa kamera lina mikunjo. Au chagua rangi ya maziwa au kijivu chepesi tangu mwanzo. Taa kuu iweke upande wa uso, halafu zuia mwanga usishuke kifuani kwa ubao au kitambaa cheusi.

Kikoi chenye mistari myembamba sana nacho kijaribuni mapema. Mistari inayokaribiana hucheza kwenye skrini. Chagua chenye mistari mipana.

Sauti: taulo la pamba halina kelele nyingi. Kelele inatoka kwa maiki kusuguana na vitanzi. Bandika maiki ndani ya mkunjo wa kola, siyo kifuani, na acha waya uwe na kitanzi kidogo ili mwendo wa mkono usiuvute. Satini na hariri bandia ziogope, kila hatua inanong'ona.

---

Mwandishi_Tanga

Nimeandika yote. La mwisho, kuna sini ya mzee kujitazama kwenye kioo akifunga mkanda wa kikoi. Kuna la kuangalia?

---

Fundi_wa_Pazia

Lipo. Kwa vazi la kiume upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kwenye kioo utaonekana kinyume, na hilo ni sawa, ila mhariri asije akaigeuza picha kwa kudhani imekosewa. Kuweni waangalifu hasa mkipeleka filamu kwenye matamasha ya nje, maana Japani kulaza kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvisha maiti.

Kabla ya kila shoti mtu wa mwendelezo, yaani anayehakikisha shoti zinafanana, apige picha tatu: fundo kwa karibu, ncha mbili za mkanda zikionyesha ipi ndefu, na uwazi wa kola shingoni. Fundo lisiachwe kwa mwigizaji kukumbuka. Na kwa sini hiyo ya kioo, kata vipande vitatu vya kikoi kilekile, kwa sababu kikifungwa na kufunguliwa mara kumi, mikunjo ya fundo la kwanza haitoki bila pasi.

---

Leso_na_Mji

Na mashada ya kikoi yaachwe upande mmoja wa mkanda, yasikatwe. Ndiyo yatakayomfanya mtazamaji akitambue kile kikoi cha sini ya kwanza.